Ngoma Isiyotaka Moto

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza juu ya genge la Newala, Mwanasha alikuwa ameshaanza kukwangua ngozi za mbuzi. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake, Mzee Fakihi, alinunua ngoma kuukuu huko Masasi, akaziwamba upya na kuziuza kijijini kwao bondeni. Kazi yenyewe ilikuwa na uvundo, jamani! Uvundo wa kukufanya uji usishuke kooni. Lakini Mwanasha aliuzoea, maana ulitoka akinawa kwa majivu.

Siku moja baba alirudi na ngoma mbili. Ya kwanza ilikuwa imejaa mikwaruzo na ukingo wake umemeguka kidogo. Ya pili iling'aa, ila mzinga wake wa mti ulikuwa na ufa kutoka juu hadi katikati.

"Kanda nta na masizi uzibe huo ufa," baba aliamuru. "Kisha paka mafuta ya nyonyo."

"Lakini baba, ngoma ikipashwa moto nta itayeyuka."

"Nani kakuuliza? Itayeyukia huko kwao wanunuzi. Kanda!"

Mwanasha akakanda. Kefule! Ile nta nyeusi ilimganda vidoleni, na kinyaa kikampanda hadi akatema mate. Alimwonea kinyaa baba yake, na vidole vyake pia, kwa kuwa vilitii.

Adhuhuri akaja Bibi Adija, mkazi wa kijiji cha juu, ukingoni mwa genge. Ulikuwa mwaka wa vita vya Maji Maji. Askari wa Wajerumani walipita wakichoma maghala na kukamata watu wawe wapagazi. Kutoka kule juu njia yote ilionekana, kwa hiyo watu wa kule ndio waliopiga ngoma ya hatari. Sasa ngoma yao ilikuwa imeungua.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Baba Mwanasha, nataka ngoma inayosikika mbali." Akaigusa ile yenye mikwaruzo.

"Aa, hiyo ni ya kuchezea watoto!" baba alicheka. "Chukua hii. Hebu itazame inavyong'aa!" Akaipiga, ikalia vizuri.

"Basi tuipashe moto niisikie sawasawa."

"Hii haitaki moto, bibi. Ngozi yake si kama hizi nyingine."

"Tangu lini ngoma ikakataa moto?" Bibi alishangaa. Lakini alikuwa na safari ndefu ya kupanda genge, na Mzee Fakihi alikuwa mtu anayemfahamu. Akashusha vikapu viwili vya mtama, akaanza kuifunga ile ngoma mgongoni kama anayebeba mtoto.

Mwanasha alimtazama. Askari wakija, bibi huyu atapiga nini? Akanyakua nyasi kavu, akazichomeka jikoni zikawaka.

"Bibi, kwetu ngoma haitoki bila kuota moto."

"Mwanasha!" baba alifoka.

Bibi Adija alikuwa ameshaiteremsha ngoma juu ya moto. Nta ikaanza kudondoka, nyeusi, matone kwa matone, ikamchafua mikono. Alipoipiga, ikakwaruza tu kama chungu kilichopasuka.

Bibi akanusa viganja vyake, akatema mate. "Baba Mwanasha, unanuka kuliko ngozi zako!"

Akaipasha moto ile yenye mikwaruzo, akaipiga mara tatu. Bonde zima likasikia. "Ubovu wa hii nimeuona kwa macho yangu," alisema, akaibeba akaenda zake.

Wiki mbili baadaye, watu wa bondeni wakiwa mashambani wanalima, ngoma ililia kutoka juu ya genge. Ililia bila kukoma. Watu wakatupa majembe, wakakimbilia msituni na watoto wao. Askari walipofika walikuta nyumba tupu. Walichoma maghala mawili, lakini hawakumkamata mtu hata mmoja.

Kule msituni Mzee Fakihi alijibanza kando ya Mwanasha. Akavishika vidole vya binti yake.

"Mwanangu, nilisema nta itayeyukia huko kwao. Kumbe ile ngoma wanatupigia sisi! Ukiuza kitu chenye kasoro, mwonyeshe mnunuzi kasoro yake, aamue mwenyewe. Ukiificha, hujui itamwangukia nani. Yangu mimi ingekuangukia wewe."

Waliporudi nyumbani, Mzee Fakihi aliitoa ngoma ya ufa, akaikwangua nta yote iliyobaki kwa kucha zake mwenyewe, uso ameukunja kwa kinyaa. Kisha akaiweka mlangoni, ufa ukielekea njiani, kila apitaye auone. Mwanasha akamletea majivu ya kunawia.