Mate Kwenye Sindano

Haya yalimpata shangazi yangu. Kwa kuwa ndugu zangu wameanza kuyasimulia kila mtu kwa namna yake, nayaandika kama nilivyoyaona.

Shangazi alikuwa mjane wa kinyozi. Mumewe aliwahi kuwanyoa wanamuziki waliokuwa wakirekodi jirani na kibanda chake. Siku moja wakamwingiza studio kwa utani, wakamrekodi akiimba, wakamtengenezea santuri moja. Moja tu. Wimbo ukishakwisha, anasikika akicheka na kusema: "Kaa hapo hapo, nakuja." Alikuwa akimwambia mkewe, aliyemsubiri mlangoni.

Gramafoni yao ilikuwa imekufa siku nyingi. Shangazi naye masikio yalikuwa yanamwacha, na daktari alishamwambia ajiandae. Alitaka kitu kimoja tu, aisikie ile sauti mpaka imkae, kabla ya ukimya. Ndiyo maana Jumamosi moja asubuhi, jua likiwa zuri, nilimpeleka kwa fundi wa redio tukachague mashine ndogo ya kubebeka, ya bei tunayoiweza.

Fundi alituwekea mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa mpya, ya plastiki nyekundu, umbo la sanduku la safari, spika humo humo. Niliunyanyua mkono wake wa sindano kwa kidole. Ulikuwa mzito, na nyuma hauna pa kupunguzia uzito.

"Hii itakula santuri," nilisema.

"Itaila," fundi alikubali. "Kwa mwenye santuri kabati zima, si neno. Kwa mwenye moja, mimi simo."

Ya pili ilikuwa kuukuu, sanduku la ngozi ya kahawia, lakini mkanda wa kuzungushia santuri ulikuwa mpya na mkono mwepesi kama unyoya. Bei yake ilikuwa chini ya ile nyekundu. Nikauliza kwa nini.

"Mwenyewe aliileta, hakuirudia."

Nilipofungua kifuniko nilikunja pua. Ndani kulinuka kinywa. Si uvundo wa kabati wala wa panya, ni kinywa cha mtu aliyelala na njaa.

"Ianikeni juani," fundi alisema. "Na sindano ifuteni kwa brashi kavu, kutoka nyuma kuja mbele. Msitie mate."

Shangazi akacheka. "Fundi, mume wangu alifuta kwa mate maisha yake yote. Analamba kidole, anafuta, analamba tena. Hata mimi ndivyo nijuavyo."

"Mwenye hii naye ndivyo alivyojua, mama." Hakuwa anatania.

Tuliianika. Alasiri tukaiweka kwenye meza ya sebuleni, nikashusha sindano, na yule kinyozi akaimba kana kwamba yuko nyuma ya pazia. Shangazi aliinamisha sikio hadi likagusa spika. Machozi yalimtoka. Wimbo ulipokwisha, sindano ilikuwa imebeba kishungi cha vumbi la kijivu. Nilinyoosha brashi. Yeye alishalamba kidole, akafuta, akalamba tena.

"Chumvi," alisema.

Nilikuwa nikipita kwake kila nikitoka kazini. Kila nilipoingia, santuri ilikuwa inazunguka. Vumbi halikuwa vumbi tena. Lilikuwa utando mweupe, mbichi, kama ule ulio chini ya ngozi ya kuku, nao ulivutika kutoka kwenye sindano hadi kidoleni kwake bila kukatika. Ndani yake niliona vinywele. Vifupi, vyeusi, vimekatwa sawasawa.

"Shangazi, tema."

"Niteme nini? Ni nywele za kibandani kwake." Akameza. "Miaka yote nilizifagia sakafuni. Nisizijue?"

Nilifunga kifuniko cha mashine, nikaondoka.

Siku iliyofuata nilikawia kuingia. Nilisimama barazani nikisikiliza. Spika ilikuwa ikitoa mkwaruzo mtupu. Wimbo haukuwapo. Ni mwisho tu uliobaki, kwa mbali: "Kaa hapo hapo." Basi. Lile "nakuja" halikusikika.

Niliichomoa santuri, nikaipeleka dirishani. Kila mahali sindano ilipopita palikuwa laini. Hapakuwa na mifereji ya sauti. Ilikuwa laini kama sahani ya kulia.

"Imekwisha, shangazi. Mashine imeimaliza."

Nilisema polepole, mgongo wake ukiwa kwangu. Kwa masikio yale hakupaswa kunisikia.

"Haijaisha," alijibu. "Imehama."

Tangu hapo akaacha kula. Uji alikunywa, tena uliochujwa. Mkate aliusukuma. Nilipombembeleza alifunika mdomo kwa kiganja na kunong'ona, "Usinipe kigumu, mwanangu. Kitamkwaruza."

Nikamwomba afumbue mdomo. Alifumbua taratibu, kama mtoto.

Harufu ilinifikia kwanza. Ile ile ya sandukuni.

Kisha nikauona ulimi. Ulikuwa mweusi. Uling'aa. Na juu yake kulikuwa na mistari myembamba, imepangana, duara ndani ya duara, mpaka nyuma kooni.

Nilibeba mashine nikairudisha kwa fundi mchana ule ule. Alifungua kifuniko, akautazama mkono, akakifunga.

"Sindano iko wapi?"

Nilitazama. Haikuwapo.

"Yule mwenyewe wa kwanza naye aliileta hivi, bila sindano," alisema, akaisukuma upande wangu. "Ondoka nayo. Mimi sikuuzii tena kitu."

Niliitupa jalalani, nikarudi mbio. Shangazi alikuwa kitini, amefumba macho, anatabasamu. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimevimba, na chini ya ukucha kulichomoza ncha ndogo ya chuma. Akakiingiza mdomoni. Akakilaza juu ya ulimi.

Midomo yake haikutikisika. Mkwaruzo ulianza. Halafu, kutoka kooni kwake, mwanamume akaanza kuimba.

Nilisimama mpaka mwisho. Wimbo ukaisha, kicheko kikaja, na sauti ikasema, safi kabisa:

"Usiende. Nimefika."

Shangazi alifariki kabla mwaka haujaisha, kidole kikiwa mdomoni. Waliomwosha walishindwa kukitoa.

Santuri ninayo mimi, kabatini, kwa kuwa vitu vya ukoo hukaa kwangu. Nimekuwa nikiifuta kwa kitambaa kikavu, na ilikuwa laini pande zote. Wiki hii binti yangu aliitoa aitazame. Sasa anataka tutafute mashine ndogo ya bei nafuu, akisema ni aibu santuri kama hii kukaa bure. Nilimuuliza aibu ya nini, na santuri haina kitu.

Aliigeuza kwenye mwanga. Mifereji ilikuwa imerudi, imejaa mpaka katikati. Pembeni, palipoanzia, palikuwa na unyevu. Binti yangu akalamba kidole apafute.

Hakuna aliyemfundisha.