Rangi Isiyotwangika

Kila alasiri, akishatoka madrasa, Saida alikaa barazani na bibi yake, Bi Moza, huko Kilwa Kivinje, wakasuka ukili wa mikeka. Bibi alisuka huku midomo yake ikimdhukuru Mola. Saida alisuka huku macho yake yakikimbilia dirishani, kwenye gamba la chaza.

Gamba hilo marehemu babu alilitoa kisiwani Songosongo, akamletea Bibi mwaka waliooana. Kwa nje lilikuwa kama jiwe tu. Ndani liling'aa ajabu: ukiliinamisha hivi, waridi, ukiliinamisha vile, kijani kama shingo ya njiwa. Bibi aliweka humo tasbihi yake, na kila baada ya sala alilifuta kwa ncha ya kanga.

Shuleni, Mwalimu Anjelina alikuwa ametangaza maonyesho ya sayansi na sanaa. Saida akatamani kupeleka mkeka wenye rangi ya gamba lile. Tangu udogoni alimwona Bibi akitwanga magome, akiyachemsha, kisha akichovya ukindu wa kusukia ushike rangi. Basi gamba nalo si la kutwangwa tu?

Bibi alipokwenda hitimani kwa jirani, Saida aliitoa tasbihi, akalivunja gamba, akatwanga. Kadiri alivyotwanga, ndivyo rangi ilivyokimbia. Kinuni mkabaki unga mweupe kama chokaa ya tambuu, na kipande kimoja kilichosalimika, kidogo kama ukucha. Alichemsha unga, akachovya ukindu. Ukatoka vilevile ulivyoingia.

Bibi akarudi. "Mke mwenzangu," aliita, kama alivyozoea kumtania mjukuu wake, "gamba letu liko wapi?"

"Sijui, Bibi. Labda paka kaliangusha."

Bibi hakumgombeza. Aliinama na mgongo wake mbovu, akapapasa chini ya kitanda, akimwambia paka, "Ewe nawe, ungeniomba kwanza."

Saida akaenda kuuficha unga na kile kipande ndani ya mkoba wa shule.

Asubuhi alimpelekea mwalimu unga na kile kipande.

"Shikamoo, Mwalimu. Rangi imekwenda wapi?"

"Marahaba. Hebu nione."

"Kaleta chokaa ya kupaka choo!" mwanafunzi mwenzake, Yasini, akadakia, darasa likacheka.

Mwalimu alikigeuzageuza kipande juani, kikametameta. "Humu hamna rangi ya kuchovya, Saida. Mna matabaka membamba mno. Unene wa unywele mmoja ni zaidi ya matabaka mia. Mwanga ukiyapiga, hurudi kwetu na rangi. Ukiyasaga, umeharibu mpangilio, na rangi haipo tena. Vitu vidogo namna hiyo wataalamu huvipima kwa nanomita. Ufundi wa kuvipanga huitwa nanoteknolojia. Siku hizi wapo wanaotengeneza rangi za kuchorea kwa kupanga tu, bila kutia dawa ya rangi." Akamrudishia kipande. "Gamba lilikuwa la nani?"

"La Bibi. Hajui."

"Basi nenda kamwambie mwenyewe. Hilo mimi siwezi kukufanyia."

Alasiri, barazani, Saida alipiga magoti mbele ya Bibi. "Bibi, si paka. Ni mimi. Nililitwanga." Akaweka kipande kiganjani mwa Bibi, akalia kwa kwikwi.

Bibi alikifuta kipande kwa ncha ya kanga. Macho yake yakalowa. "Nilijua. Kinu changu hakikupata kunuka pwani kabla ya jana."

"Mbona ulikuwa ukitafuta?"

"Sikuwa natafuta gamba, mama. Nilikuwa nakungoja wewe."

Saida alipomweleza habari za mpangilio na mwanga, Bibi akacheka. "Mbona na ukindu uko hivyo? Geuza msuko, mwanga utakuonyesha ua." Wakasuka bila rangi hata chembe, Saida akifumua na kurudia mpaka vidole vikamuuma.

Siku ya maonyesho Yasini alisema, "Mkeka mtupu huo!" Saida akauinamisha kuelekea dirishani. Maua yenye umbo la magamba ya samaki yakajitokeza safu kwa safu, kisha yakapotea, kisha yakarudi.

"Lo! Hebu tena!" Yasini akasema.

Jioni Bibi aliufanya mkeka ule msala wake. Baada ya sala aliweka tasbihi pembeni, na kile kipande juu yake, akamvuta Saida karibu.

"Uaminifu wa mtu, mjukuu wangu, ni kama rangi ya gamba. Umo katika mpangilio, na uongo huuvunja. Lakini Mola hakukuumba uwe gamba. Gamba likisagika, basi. Mtu akisema kweli, hupangika upya."