Mtoto Asiyeliliwa

Pamba ilikuwa imepasuka shambani kwa Ndalahwa, nje kidogo ya Bariadi. Wanunuzi binafsi walishaanza kupita vijijini na mizani yao, na kila nyumba ilichuma haraka. Lakini Evalina, mke wa Ndalahwa, alikuwa amelala. Hali chakula vizuri, haogi, hasemi. Alikuwa hivyo tangu masika, alipofariki mwanawe mchanga, Luhaga.

Kwao, mtoto ambaye hajaota meno hawekewi matanga. Mama hukatazwa kumlilia, eti asije akafunga kizazi. Evalina hakulia.

"Amerogwa," alisema Felisita, mama mkwe. Dawa za mganga hazikusaidia. "Basi arudi kwao, na ng'ombe tuliotoa mahari warudi."

"Mayu, ngoja kwanza," Ndalahwa alimwambia mama yake. Akampeleka mkewe zahanati, akamsubiri nje.

Muuguzi Justina alimpima damu, hakuona malaria.

"Mwanangu, hali hii ilianza lini?"

"Luhaga alipokufa."

"Alikuwaje, huyo Luhaga?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. "Alikuwa anacheka akiona mbuzi," alisema Evalina. Akalia mpaka kanga ikalowa.

"Huu ni ugonjwa, unaitwa sonona," alieleza Justina. "Si uvivu, wala si kurogwa. Msiba umekukaba, na nyumbani huna wa kumwambia. Tiba yake ni mazungumzo. Njoo kila wiki. Tutamzungumzia mtoto, tutatafuta na wa kukusaidia kuubeba msiba huu."

"Mume wangu hajali. Hamtaji kabisa."

"Umemuuliza?"

"Hapana."

"Kamuulize."

Jioni Evalina alimuuliza mumewe. Ndalahwa alichokonoa udongo kwa kijiti.

"Niliogopa kukuumiza," alisema. "Nikichunga, huwa napitia kaburini."

Safari iliyofuata, Justina alimwita na Felisita. "Mama, wewe uliwahi kufiwa na mtoto mchanga?"

"Wawili," alijibu Felisita, akajifunika uso.

Evalina hakukosa hata wiki moja. Akaanza kula, akaoga, akarudi shambani. Habari ya kumrudisha kwao ikafa yenyewe.

Siku moja, wakichuma masalia ya pamba yeye na Felisita, Evalina alisimama. "Sasa Luhaga angekuwa anasimama."

Zamani Felisita angemnyamazisha. "Angekuwa anatumwagia pamba hapa, mtundu yule," alisema.

Wakacheka, kisha wakalia wote wawili. Halafu wakaendelea kuchuma.