Mume Wangu Alikiri Kosa Asilolijua

Nina miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Nyeri, na ni nesi hapa Minneapolis, Marekani. Wasomaji wenzangu, kazi yangu ni kuwatunza wazee waliopoteza kumbukumbu. Ndiyo maana haya ninayowaambia yananitia aibu...

Mume wangu aliichezea raga timu ya taifa ya Wales kwa miaka tisa. Ni mara ngapi aligongwa kichwa, akanyanyuka, akapigiwa makofi na kuendelea kucheza! Alipostaafu alikuja huku kufundisha vijana raga kule Blaine, nami nikampendea upole wake.

Mwaka juzi alianza kuchelewa. Kutoka Blaine hadi kwetu ni nusu saa kwa gari. Yeye alitumia saa tatu. Nikimuuliza alikokuwa, anatazama chini. Siku ya kuadhimisha ndoa yetu akaisahau. Nami niliyezoea kuzitambua dalili hizo kwa wagonjwa, nilifikiri nini? Mwanamke mwingine!

Rafiki yangu wa kanisani akanichochea. "Dada, huyo mzee ako na mtu mahali," alisema.

Nikaita wazee wa kanisa. Walikuja Jumapili baada ya ibada, wakanywa chai yangu, wakamhoji.

"Kama mke wangu anasema nimekosa," alijibu, "basi nimekosa."

Si amekiri mwenyewe! Nikamfungia mizigo, akahamia chumba cha kupanga Golden Valley. Hasira hasara, jamani.

Januari polisi walinipigia, maana gari lilikuwa kwa jina langu. Walimkuta ndani yake kwenye maegesho, petroli imekwisha, vidole vimeganda kwa baridi, hajui aendako. Nilipokwenda kulichukua nikakuta karatasi zimebanwa juu ya usukani, kwa mwandiko wake: pinda kulia penye kanisa, taa ya pili kushoto, nyumba ya bluu, mke wangu yumo. Nililia hadi sauti ikakauka...

Daktari alisema ubongo umeharibika kwa kugongwa miaka mingi. Kumbe alikuwa akipotea barabarani, akaona haya kuniambia!

Nilimrudisha nyumbani. Namlisha, namwogesha. Mwezi uliopita nilipiga magoti nikamwomba msamaha. Akanishika mkono.

"Nesi," aliniambia, "ukimwona mke wangu, mwambie anisamehe. Sikumbuki nilimkosea nini."

Nimwambie nani, ndugu zangu? Nawasihi, mwenzio akibadilika, mpeleke kwa daktari kabla hujamhukumu. Mimi nilimpeleka mbele ya wazee, na leo sina wa kunisamehe.