Dereva wa Zamani wa Mirza Tanvir

Asinibishie mtu, nilikuwapo. Nilikaa kwenye kochi la Mirza Tanvir, pale Lahore, kikombe cha chai ya maziwa mkononi, nikayaona yote kwa macho haya ambayo mpaka leo husoma namba ya gari kutoka ng'ambo ya mfereji.

Ilianza na kitu kidogo. Kwenye kompyuta mpakato ya Mirza, vile vitufe vya safu ya juu viliasi. Ukibonyeza cha kuongeza mwanga, kioo kinazidi giza. Ukibonyeza cha sauti, inalia honi ya gari: mbili fupi, moja ndefu.

Mkewe, Bi Farzana, akaacha kumenya vitunguu. "Mirza, hivyo ndivyo Gulfraz alivyokuwa akipiga getini."

"Gulfraz yuko kaburini. Menya vitunguu vyako."

Gulfraz alikuwa dereva wao tangu harusi yao. Mirza alimsingizia wizi wa petroli mbele ya mtaa mzima, akamfukuza katikati ya baridi, ilhali alijua fika kwamba mwizi ni ndugu yake mwenyewe. Gulfraz akafa majira yale yale, jina lake likiwa bado chafu.

Akaitwa fundi Rizwan, mtu wa maneno mengi. Mafundi wa kule huiita dereva ile programu inayoviamuru vitufe. Akachungulia, akacheka.

"Mirza Sahibu, tatizo ni dereva wa zamani. Kachoka. Tunamtoa, tunaweka mpya."

"Mtoe," akasema Mirza. "Hana faida yoyote."

Rizwan akamtoa. Hapo feni ikasimama, chumba kikajaa harufu ya petroli na ugoro mchana kweupe, na kile kitufe cha kunyamazisha sauti kikazama chenyewe, polepole, kama kinachobonyezwa na kidole kizito, na Mirza, aliyekuwa amefungua mdomo kumfokea fundi, akabaki ameufungua vilevile, mishipa ya shingo imemsimama, machozi yanamtiririka, na hata mkoromo hautoki.

"Fundi," Bi Farzana akanong'ona, "umemfanya nini mume wangu?"

"Nimemtoa dereva tu, dada."

"Dereva yupi?"

Rizwan akatugeuzia kioo. Kiliandika: dereva wa zamani bado anatumika.

Bi Farzana akasogea karibu na kibodi, akaongea nayo kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Kaka Gulfraz, hukuiba. Sote tulijua, tukanyamaza. Mwachie sauti yake."

Honi ikalia. Mbili fupi, moja ndefu.

"Mrudishe, fundi."

"Wa zamani hurudishika, dada. Ila huyu akirudi, sidhani kama atatoka tena."

"Nimesema mrudishe."

Rizwan akabonyeza. Kitufe kikapanda. Feni ikazunguka. Mirza akakohoa, sauti yake ikarudi, akaomba maji.

Basi, nikiri kimoja. Yote ni kweli tupu, ila hilo la "sauti yake" na la maji nimelitia mimi, ili mpate usingizi. Sauti ilirudi, naam, lakini ilikuwa ya Gulfraz, na lafudhi yake ya milimani, ikitoka kinywani mwa Mirza huku macho ya Mirza yakitusihi sisi tuliokaa pale.

"Begum," ikamwambia Bi Farzana, kama dereva anavyomwita bibi wa nyumba, "nipe ufunguo. Kuanzia leo naendesha mimi. Mirza atakaa nyuma."