Miti Tatu ya Bantu ba Sekuru

Miaka yangu imepita makumi munane, na masomo yangu iliishia ku katekisimu. Lakini hii maneno nitaisema mi mwenyewe.

Tulikuwa tunakaa Musonoi, mu kambi ya mugodi, wakati ya Babeleji. Bwana yangu, tata Muteba, alikuwa mu ekipe ya sekuru: shimo ya mugodi ikianguka, beye njo banashuka kutosha bantu inje. Siku moja ikaanguka, na ndani mulikuwa Kapenda, ndugu yake mudogo. Muteba akashuka na benzake babili. Bakamusukuma Kapenda inje, muzima... kisha udongo ikabafunika bote batatu.

Shimo ikafungwa na simenti. Hatukupewa hata mwili ya kuzika. Utamulilia mutu wapi, kama hana kaburi?

Mama mukwe akatoka Sandoa na fimbo tatu ya muti muyombo. Kwetu, mutu akifia mbali, unapanda fimbo na kuita jina yake. Ikichipuka, amefika nyumbani. Tukapanda nyuma ya kambi, tukapakaa pemba, ule udongo mweupe. Yote tatu ikachipuka... Kutoka pale nikaanza tena kulala. Hata Bakasai, bantu ba kabila ingine, ba misa kila siku, bakipita pale banatosha kofia ku kichwa.

Kapenda peke yake hakufika pale ku miti kamwe. Akapanda cheo, akakuwa kapita, mukubwa ya ekipe.

Asubui moja nikasikia shoka. Nikakimbia... miti yote ilikuwa chini, na Kapenda alikuwa anafuta jasho.

“Nani amekutuma? Muzungu?”

“Hapana, yaya, dada yangu. Bantu banaangalia muti, kisha bananiangalia mi. Banasema: bantu batatu balikufa, juu ya kuokoa huyu tu?”

“Na weye unabajibu nini?”

“Njo najibu hivi,” akasema, akaonyesha shoka.

Nikaomba mama mukwe tupande ingine. Akakataa: jina ya mufu inaitwa ku fimbo mara moja tu. Nikaomba amulaani Kapenda. Akalia. “Muache, mwanangu. Nimebakia na huyu tu.”

Basi Kapenda nikamupikia bukari, ule ugali yetu, miaka mingi.

Bajukulu bangu, mutu akikufia, usikimbie jina yake. Nenda ukae pale, ulie mbele ya bantu, bakuseme mupaka bachoke. Kapenda angekuja kulia siku moja tu, miti ingekuwa ingali pale... Na kiti ya kukaa akilia, ningemuletea mi mwenyewe.