Lango la Ghorofa ya Sita

"Mlangooo! Nani kaacha mlango wazi huko juu?"

Sauti ya Isay ilipanda kwenye shimo la lifti, ikagonga paa, ikarudi. Ukumbi wa chini wa Jengo la Villaruz, mtaa wa Escolta, ulikuwa umefurika watu waliorudi kutoka kula mchana: makarani na vikombe vyao vya kahawa, mwenye duka la saa, mama mmoja na maboksi ya viatu. Wote walikuwa wamekodoa macho juu kupitia nondo za shaba, wakingoja lifti isiyo na haraka ya kushuka. Tangu ilipowekwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, lifti ile haikuwahi kutembea huku lango la ghorofa yoyote likiwa wazi, hata upenyo wa kidole.

Isay alivaa gauni la manjano lisilo na mikono, na begani alikuwa amebeba gauni la harusi la mteja wake, jeupe, refu, lililomfunika hadi ungemdhania bibi harusi aliyetoroka kanisani.

"Dada, ukipiga kelele hivyo nyaya zitakatika," mtu akasema nyuma yake.

Akageuka. Alikuwa kijana mrefu mwenye ovaroli ya bluu, begi la vifaa begani, na alama ya grisi shavuni.

"Na wewe ni nani wa kunipimia kelele? Mimi nimezaliwa jengo hili."

"Naitwa Ruel Catapang. Nimekuja kuibadilishia lifti yenu mashine."

Isay alimkagua kuanzia buti hadi nywele. "Mashine sawa. Na kizimba tunachopandia je?"

"Kizimba kina kosa gani? Nani akutoe kwenye shaba nzuri kama hii akakutie kwenye kopo la maziwa?"

Isay akacheka kabla hajajizuia, na kicheko hicho ndicho kilichomponza. Walipanda ngazi pamoja, ngazi zile zinazolizunguka shimo la lifti, Ruel akiwa ameshika mkia wa gauni usiburute chini. Kufika ghorofa ya nne walikuwa wameshaanza kutaniana. Kufika ya sita, Ruel alikuwa amesahau kabisa kwamba lango lililoachwa wazi lilikuwa la ghorofa ya tatu, na kwamba wamelipita hivihivi. Huko chini watu walikuwa bado wakipiga kelele, "Mlangooo!"

Tangu siku hiyo fundi hakukosa sababu ya kugonga mlango wa fundi cherehani. Leo anaomba maji, kesho uzi wa kufungia nyaya. Mara akamkaribisha juu ya paa, kwenye chumba cha mashine, akamwonyesha mota ya zamani, lidude lenye ukubwa wa nyati, jeusi kwa mafuta ya miaka mingi.

"Hii ikiamka, taa za jengo zima zinafifia," Ruel akaeleza, akiligonga mgongoni. "Sasa tazama mwenzake." Mota mpya ilikuwa ndogo kama sanduku la nguo. "Inaanza polepole, inasimama polepole, haipigi hata kelele za tumbo. Na ikipunguza mwendo inarudisha umeme kidogo."

"Kumbe ina adabu kuliko wewe."

"Mimi nimekukosea nini, mrembo?"

"Umekula mkate wangu wote wa asubuhi, hujarudisha hata kipande."

Simu nazo zikaanza. Isay akiwa kwenye cherehani, simu inalia.

"Uko wapi, laazizi?"

"Nyumbani. Wewe?"

"Juu ya kichwa chako."

"Si ushuke basi, badala ya kumaliza vocha!"

"Nikishuka nitamkuta bibi yako. Ananitazama kama nimemwibia kuku."

Bibi Consing, aliyemlea Isay, alikuwa na haki ya kutazama. Ujana wake wote na utu uzima wake ulipita ndani ya kizimba kile, akiwa amekaa kwenye kigoda chake na glavu nyeupe mkononi, akiendesha lifti kwa kusukuma mkono wa shaba na kutangaza ghorofa. Magoti yalipomkataa na lifti ikaanza kugoma, alijifungia juu, hakukanyaga tena lami ya Escolta. Ruel alipojikaza na kuomba siku ya kumleta mama yake, wapande na vyakula vyao waje kumposa Isay nyumbani kwao kama ilivyo desturi, bibi alimwacha amalize, kisha akajibu.

"Mama yako ana magoti kama yangu, nimesikia. Sitaki mtu aje kuniomba mjukuu huku anahema. Atapanda kwa lifti, tena lifti yangu ninayoijua. Siku hiyo tutazungumza."

"Jumamosi ya mwisho wa mwezi, bibi," Ruel akasema, jasho likimtoka. "Nakuahidi."

Mlangoni Isay alimvuta ukosi. "Umesikia? Kizimba kikiondoka, na mimi huniposi."

"Kizimba hakiendi popote, mpenzi."

Basi Jumatatu ya wiki ya posa, Isay anarudi kutoka kununua vifungo, anakuta lori limesimama mbele ya jengo. Juu ya lori kuna kizimba, kimefungwa kamba kama mbuzi wa mnadani, na anayekaza kamba ni Ruel. Pembeni bwana mmoja mwenye viatu vya kung'aa alikuwa akizipapasa nondo za shaba.

"Hiki mgahawani kwangu ningeweka ndani meza ya watu wawili," bwana yule alikuwa akisema. "Wapendanao wangekipigania."

Lori likaondoka. Isay alibaki amesimama, vifungo vikimwagika kimoja kimoja kutoka kwenye mfuko. Moyo ulimuuma hasa. Akapiga simu papo hapo.

"Ruel, kizimba kinakwenda wapi?"

Honi za magari. "Isay... nivumilie. Nitakueleza Jumamosi."

"Nieleze sasa!"

"Siwezi sasa, mpenzi. Niamini tu."

"Uliniahidi, halafu unaniambia nivumilie? Jumamosi usije. Kaoe hiyo mota yako!"

Akakata. Ruel alipiga tena na tena, simu ikalia hadi ikachoka. Shimo la lifti likafunikwa maturubai ghorofa zote, na nyuma yake zikasikika nyundo. Isay alishona huku machozi yakidondokea hariri ya watu, na kila alipomwambia bibi wapeleke habari kwamba posa imevunjika, bibi alimjibu vilevile.

"Mama wa watu ameshaloweka nyama. Mimi siwezi kumrudisha mtu na masufuria yake. Waje, wale, ndipo useme lako."

Jumamosi asubuhi maturubai yakashuka. Isay alikuwa kwenye veranda ya ghorofa ya sita akimsuka bibi nywele aliposikia mlio mdogo, kama wa cherehani mbali, na mbele yao kikasimama kizimba. Kilekile! Shaba imeng'arishwa, sakafu iliyooza imewekwa mbao mpya, mkono wa shaba uko mahali pake, na kigoda cha bibi kimesuguliwa hadi kinanukia nta. Taa za jengo hazikufifia hata kidogo.

Isay alilia kwa furaha. Halafu hasira ikampanda upya, kubwa kuliko ya Jumatatu.

"Kwa hiyo alijua! Wiki nzima nalia kama mjane, na yeye anajua!"

"Basi hayo ndiyo ya kumwambia," bibi akasema, akivaa glavu zake. Akaingia kizimbani, akakaa, kisha akampa ufunguo mdogo uliofungwa utepe. "Huu unafungua lango hili kwa nje. Mimi nilipoposwa wakubwa waliongea, nikaitwa nilete kahawa. Wewe usiitwe. Nashuka kuwachukua. Ukimtaka, liache lango. Kama humtaki, tia ufunguo, tutaishia njiani."

Akasukuma mkono wa shaba, akazama chini taratibu, mgongo umenyooka.

Muda si mrefu sauti zikaanza kupanda. Kupitia nondo Isay aliona kwanza nywele za mama Ruel zilizotengenezwa saluni, kisha sufuria la tambi za kukaanga, trei ya keki ya wali wa nazi, na Ruel mwenyewe. Alivaa barong, shati jepesi la nyuzi za mnanasi, lile ambalo Isay alimdarizia kwa mikono yake mwenyewe. Akili ilimwambia Isay aliache lango. Mkono ukatia ufunguo. Lango likafunguka upana wa kidole, na lifti ikasimama katikati ya ghorofa ya nne na ya tano.

"Jamani, imekufa!" akalia mama Ruel.

"Haijafa," bibi akasema, amekunja mikono. "Imesimamishwa."

"Isay!" Ruel alipaza sauti kutoka chini. "Kaa mbali na ukingo! Lango usilisukume zaidi!"

Isay alitarajia kusikia visingizio, si hilo. Moyo ukalegea, lakini ulimi haukukubali. "Nimekaa mbali. Sema sasa!"

Milango ya ghorofa zote ilikuwa imeshafunguliwa. Makarani walijipanga ngazini, mwenye duka la saa akaweka hadi kiti.

"Ruel, umemfanya nini mtoto wa watu?" mama yake akamfokea. "Tambi zinapoa!"

"Mwenye jengo alitaka kukiuza!" Ruel akasema kwa nguvu, ikasikika hadi paa. "Yule bwana wa mgahawa alishamjaza maneno. Nikakimbiza kizimba karakana kwa mjomba wangu kabla hajakiuza, nikamwambia mwenye jengo mashine mpya imepimwa kwa uzito wa kizimba hiki, akileta kingine aanze upya. Alikubali jana. Sikutaka wewe na bibi mpate matumaini ya bure."

"Kwa hiyo ukaona bora nilie?"

Ruel akashika nondo za kizimba. "Nilikosea. Nilikufanya mtu wa kupewa habari ikishaiva, na wewe ni wa kuipika pamoja nami. Sitarudia, Isay. Nakupenda. Mama amekuja kukuomba, ila nakuuliza mimi kwanza, hapahapa, nimening'inia. Utaolewa na mimi?"

"Kubali, dada, tunataka kurudi kazini!" karani mmoja akapiga kelele. Wenzake wakaitikia kwa pamoja, kama walivyozoea maisha yao yote, "Mlangooo!"

Isay alikuwa anacheka na kulia. Aliipangusa pua kwa mkono wa gauni, yeye fundi wa nguo.

"Hilo shati umeshalitia grisi kwenye mkono, nimeiona!" akasema. "Nani atakufulia nisipoolewa na wewe?"

Akalisukuma lango, likafungika. *Kacha.* Jengo zima likalipuka vigelegele, na kizimba kikaanza kupanda polepole, bila kelele, hadi kikasimama sawasawa na sakafu. Bibi Consing akavuta nondo za kizimba kwa glavu zake nyeupe, akatangaza kwa sauti yake ya kazi.

"Ghorofa ya sita. Posa, tambi, na fundi mmoja. Tafadhali angalieni mnapokanyaga."